Kiberiti

Waliniambia nilete beseni, pamba, glavu, kanga mbili na wembe.
Nilileta kanga tatu, wembe nikausahau,
nikatoka Ligula mbio kutafuta duka lililo wazi
saa tisa usiku. Muuzaji akanitazama:
"Wembe saa hizi, ndugu, wa nini?"
Wa kitovu, nikasema.
Akanipa. Hela akaikataa.

Nilikuwa kwenye benchi kilio kiliposikika.
Vilikuwa vilio vitatu usiku ule,
sikujua kipi changu.
Nikavipokea vyote.

Nesi akafungua daftari. Mkazi wa wapi?
Chikongola, chumba cha uani, kwa Bi Somoe.
Mzaliwa wa wapi?
Palma.
Kalamu ikasita, kama mtu aliyefika mtoni
akakuta kivuko kimeshaondoka.
Na mtoto?
Zainabo, nikasema, jina la mama yangu.
Akaandika Zainabu.
Sikubisha. Ni herufi moja tu,
nyembamba kuliko Ruvuma.

Kazi yangu ni kubangua korosho.
Mafuta ya ganda yamenibabua viganja,
hata sabuni nainawa nimeuma meno.
Basi binti yangu nilimpokea kwa vigasha,
viganja nimevigeuzia nje
kama mtu aliyebeba maji bila chombo.
Gunia zima la ghalani
nalitupa begani huku napiga soga.
Kilo mbili na robo tatu zile
zilinitetemesha magoti.

Bi Somoe si shangazi yangu, ni mwenye nyumba,
na kodi ya miezi miwili ananidai.
Kila alfajiri anamkanda Atija kwa maji ya moto,
anampikia uji wa pilipili manga,
anamfunga tumbo, anamkemea asiiname.
Habari ya kodi haitaji.
Mimi ndiye naisikia
kila kuni inapopasuka jikoni.

Mtandao ukipata nguvu, sauti ya mama huingia kwa mafungu.
"Anafanana na nani?"
Nyuma yake jogoo wa kwetu anawika,
yule yule, mwenye sauti inayokatika katikati.
Niliurudia ujumbe mara nne,
mara tatu kwa ajili ya jogoo.
"Na kitovu chake umekiweka wapi?"
Kipo, mama. Na mnazi wangu je, bado upo?
Akanijibu habari za kuku.

Kilianguka siku ya sita.
Nilikitia kwenye kiberiti, kiberiti mfuko wa shati,
nikaenda nacho kazini, sokoni, msikitini,
nikikilinda na jasho.
Nitakivusha, nilijiambia, njia ikitulia,
nikizike kwetu, chini ya mnazi
uliopandwa juu ya kitovu changu.
Mtoto hawezi kuwa wa daftari tu.
Nikitembea kiligongagonga kifuani;
nilidhani ndivyo kitovu kinavyolia kikikauka.

Jana, siku ya ishirini na tatu, umeme ulikatika.
Mtoto analia, taa ya simu imekufa,
Atija anasema, washa, una kiberiti hapo.
Sina.
Unacho, mfukoni.
Nikakitoa. Nikakisukuma kwa kidole gumba.
Njiti.
Njiti tupu, mpaka pembeni.

Alicheka gizani, kwa shida, mkono tumboni.
"Nilikizika siku ile ile ulipokuwa kazini.
Pale kwenye bomba, penye muhogo.
Bi Somoe ndiye aliyeshika jembe."
Mbona hukuniambia?
"Ulikuwa unakibeba vizuri."

Sikupata neno. La huku sikulipata, la kwetu pia.
Nilifikiria bomba lile, foleni ya ndoo,
watu wa mtaa mzima wanaopakanyaga bila kujua,
maji yanayomwagika hapo kutwa.

Nikawasha njiti moja.
Zainabo, Zainabu, akanyamaza,
akautazama moto kwa uso wa mama yangu
akihesabu chenji.
Ikaniunguza kidole.
Nikawasha nyingine.